Hataza ya dawa (haki ya kipekee juu ya uvumbuzi): ya chuo kikuu au ya kampuni ndogo?
Emtricitabine, dawa ya VVU, ilibuniwa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani. Mwaka 2005 chuo kiliuza haki yake ya mrabaha (mgawo wa mauzo ya dawa) kwa Gilead, kampuni kubwa ya dawa, na Royalty Pharma, kampuni inayonunua mirabaha ya dawa, kwa dola milioni 525. Sofosbuvir, ya homa ya ini C, ilitoka Pharmasset, kampuni ndogo. Gilead ikainunua nzima kwa takriban dola bilioni 11, kisha ikatoza dola 84,000 kwa tiba ya wiki 12.

Tofauti nzito iko kisheria, nayo hutegemea nani aliyefadhili utafiti. Sheria ya Bayh-Dole ya 1980 huipa serikali ya Marekani haki ya kumlazimisha mwenye hataza awape wengine leseni ya uvumbuzi ilioufadhili, uwe wa chuo au wa kampuni. Kwa uvumbuzi uliofadhiliwa kwa mtaji binafsi mtupu, haki hiyo haipo.