Bodi ya TPA3116D2 yenye Bluetooth: inunue, lakini ibadilishe rezista mbili kwanza

Ukiuliza ampu ya kujitengenezea kwenye maduka ya vipuri vya redio Kariakoo, mara nyingi utatolewa bodi ya ukubwa wa kiganja: chipu ya TPA3116D2 chini ya bati la kupozea, moduli ya Bluetooth pembeni, volyumu ya kuzungusha mbele. Jina la kampuni halipo. Muuzaji atasema ni wati mia mia. Kwa vipimo vya Texas Instruments, wanaotengeneza chipu hiyo, wati 100 zinapatikana chaneli mbili zikiunganishwa kuwa moja kwenye spika ya omu 2. Kwa stereo ni wati 50 kila upande, spika za omu 4, umeme wa volti 21, tena sauti ikiwa imeshaanza kupasuka. Ukitumia adapta ya laptop ya volti 19, tegemea chini ya wati 40. Kwenye bajaji, volti 12, ni kama 15. Kwa sebule ya Sinza zinatosha na jirani atagonga mlango.

Ugomvi wa bodi hii uko kwenye volyumu, maana zipo mbili. Ya simu ni ya kidijitali: inapunguza namba kabla hazijageuzwa kuwa umeme. Ya bodi ni ukanda wa kaboni unaopunguza umeme wenyewe, na imekaa baada ya moduli. Kwa hiyo chochote kinachotoka kwenye moduli, muziki pamoja na ule mlio wa "shhh", kinapita hapo. Ukipunguza kwenye simu, muziki unashuka lakini shhh inabaki palepale na ampu inaikuza kama kawaida. Ukipunguza kwenye bodi, vyote vinashuka pamoja. Wengi hufungulia bodi hadi mwisho kisha wakachezea simu, halafu lawama zinaenda kwa fundi.

Fanya kinyume. Simu iweke hatua moja au mbili chini ya mwisho. Usiifikishe juu kabisa kama umewasha ekwalaiza, kwa sababu nyimbo nyingi za siku hizi zimerekodiwa hadi ukingoni na besi ya kuongezea hukatwa vichwa kabla hata haijafika kwenye ampu. Kisha zungusha volyumu ya bodi hadi ufike sauti kubwa kuliko utakayoihitaji, uiache hapo. Mchana mzima utumie simu. Usiku shusha ya bodi, kwa kuwa simu nyingi za Android zina hatua 15 tu za sauti, na bodi ikiwa juu hatua ya kwanza tu inaamsha mtoto. Ila usiishushe ya bodi chini ya robo ya mzunguko. Volyumu hizi za bei poa hazilingani pande zote zikiwa chini: kushoto kunasikika, kulia kimya. Ukihitaji chini zaidi ya hapo, malizia na simu.

Kuna simu ambazo kitufe chake hakipunguzi chochote ndani ya simu. Kinatuma namba kwa moduli, na moduli ndiyo inapunguza. Kama hatua zinaruka vibaya, au sauti iko chini hata simu ikiwa juu, gusa nambari ya muundo mara 7 kwenye mipangilio ili chaguo za wasanidi programu zitokee, tafuta la kuzima sauti kamili ya Bluetooth, ubadilishe, kisha ukate na kuunganisha upya.

Sasa rezista. Chipu hii ina viwango vinne vya ukuzaji: desibeli 20, 26, 32 na 36. Kinachochagua ni rezista mbili kwenye mguu wa GAIN/SLV, moja kwenda hasi na nyingine kwenda GVDD, mguu wa chipu unaotoa umeme wake wa ndani. Ukikuta 473 kwenda hasi na 753 kwenda GVDD, hiyo ni kilo-omu 47 na 75, yaani desibeli 36. Ni nyingi mno. Signali inakuzwa zaidi ya mara 60, volyumu inabaki kuishi kwenye robo ya kwanza, ileile isiyolingana, na shhh inakuwa wimbo. Zitoe, uweke kilo-omu 20 kwenda hasi na 100 kwenda GVDD, upate desibeli 26. Zima umeme kabisa kabla, maana chipu husoma kiwango inapowashwa tu. Kelele ya moduli inashuka kwa desibeli 10 na volyumu inapata nafasi ya kuzunguka.

Faida nyingine iko kwenye besi. Kwa desibeli 36 mlango wa kuingilia wa chipu una ukinzani wa kilo-omu 9 tu. Kwa 26 unapanda hadi 30. Ukiwa na kapasita ya maikrofaradi 1 pale mlangoni, besi iliyokuwa ikianza kupungua kwenye hezi 18 hivi, sasa inaanza kupungua kwenye hezi 5. Lakini mzigo ule wa kilo-omu 9 ulikuwa ukiisaidia volyumu ya mstari, yaani inayopanda sawasawa mzunguko mzima, iliyoandikwa B50K, ionekane inapanda taratibu. Ukiuondoa, B50K inakuja ghafla mwanzoni kisha haibadiliki sana. Weka A50K, ile inayopanda polepole mwanzoni, ya vipande viwili (kimoja kwa kila upande), na hakikisha miguu yake inalingana na matundu ya bodi kabla hujaondoka dukani.

Volyumu ikikwaruza ingali mpya, usikimbilie dawa ya kusafishia. Washa bodi bila muziki, pima volti za DC kati ya mguu wa juu wa volyumu (ule unaopokea sauti kutoka kwenye moduli) na hasi. Inatakiwa karibu na sifuri. Ukikuta volti moja au zaidi, kapasita kati ya moduli na volyumu haipo, na hakuna dawa itakayosaidia. Zilizokaa muda karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, ni habari nyingine, chumvi inakula kaboni na miguu.

Angalia pia kapasita kubwa za umeme. Nyingi zimeandikwa volti 25, na watu wanazilisha adapta ya 24. Badili kwa za volti 35, au baki na adapta ya 19. Chipu yenyewe mwisho wake ni 26.

Lipo toleo lenye kishikio kinachozunguka bila mwisho, la kidijitali tupu. Tuliache. Umeme ukikatika na kurudi, moduli nyingi hutangaza "imeunganishwa" kwa sauti isiyojali simu ilikuwa wapi, na hapo hakuna kaboni ya kuizuia. Kabla ya kulipa mwambie muuzaji awashe bodi bila wimbo, spika ikiwa imeunganishwa, volyumu nusu. Ukiisikia shhh ukiwa umesimama upande wa pili wa kaunta, na zile 473 na 753 zipo, umeshajua inatoka wapi.