Adapta ya HDMI kwenda VGA inayojua kukilaza kioo

Karibuni tena watazamaji wangu. Hapa Dodoma upepo umeanza mapema na vumbi limeshafika mezani, kwa hiyo tusicheleweshane. Kidude hiki cheusi ni adapta ya kutoa picha kwenye HDMI, tundu la kompyuta mpya, kuipeleka VGA, tundu la vioo vya zamani. Nimekipenda mno! Urefu wa waya, rangi ya boksi, hayo mnayajua, nayaruka. Kuna jambo moja nataka mlione kwa macho yenu.

Kioo changu, yaani monita, ni hiki cha inchi 17, cha mraba, wale wenye stationery kule njia ya UDOM wanavifahamu sana. Kizima kabisa, ila kina VGA tu, na kompyuta mpya haina tundu hilo.

Sasa, VGA ililetwa na kampuni ya IBM mwaka 1987, ina pini 15. Wengi wanajua tatu za rangi, nyekundu, kijani na bluu, basi. Lakini rangi peke yake haijengi picha. Pini ya 13 inapeleka mpigo wa mlalo, unaokiambia kioo anza mstari mpya. Pini ya 14 inapeleka mpigo wa wima, rudi juu, anza picha nyingine. Kioo kinafuata mipigo hiyo kama wacheza muheme wanavyoifuata ngoma.

Tazama hapa. Waya huu nimeufungua ganda, na testa nimeiweka kwenye kipimo cha hezi, yaani mipigo kwa sekunde. Sindano nyeusi pini ya 10, nyekundu pini ya 14. Inasoma 60. Nahamia ya 13... kilohezi 63.9! Yaani mistari karibu elfu 64 kila sekunde. Na hesabu inakubali: kwa picha ya 1280 kwa 1024, mistari yote ni 1066. Ile 42 ya ziada huioni, ni nafasi kioo kinayopewa kabla ya kuanza tena juu. Zidisha 1066 kwa 60 uone.

Twende kwenye lenyewe. Kamera isogee kwenye taa ya kioo, hapa chini kulia, ni ya kijani. Naiambia kompyuta ilale. Subiri... subiri... Umeona testa? Sifuri. Pini ya 14 nayo sifuri. Na taa imegeuka chungwa! Kioo kimelala chenyewe, sijagusa kitufe. Nagusa kipanya, mipigo inarudi, picha hiyo.

Utaratibu huu VESA, shirika linalopanga viwango vya vioo vya kompyuta, waliuweka mwaka 1993: mpigo mmoja ukikatwa, kioo kinapunguza matumizi, yote miwili ikikatwa, kinazima kila kinachoweza kuzimwa. Pini zile zile za kupanga picha ndizo zinazobeba amri ya kulala. Mimi hapo nawavulia kofia.

Sasa chukua hii nyingine, ya bei rahisi, jina silitaji. Naweka. Nalaza kompyuta. Picha imeondoka, kioo cheusi, unadhani mambo yako sawa. Angalia testa: 60 bado! Adapta inaendelea kupiga mipigo ya picha tupu, na kioo kinatii. Zima taa ya chumba kidogo... mnaona ule mwanga wa kijivu? Taa ya nyuma inawaka. Mwenye vioo kumi vya wati 30, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa mbili asubuhi, ni yuniti 3.6 za LUKU kila usiku, na hakuna aliyefanya kazi. Hili linanikera kwelikweli, maana wanaoumia ni vijana wenye biashara ndogo.

Kabla sijasahau, video ya printa mliyoiomba inatoka wiki ijayo. Aliyeuliza kuhusu projekta za VGA, adapta hii inafaa, soma maelezo chini. Na kama hujajiunga na chaneli, jiunge, gusa kengele.

Nirudi. Pini za 12 na 15 nazo hapa zinafanya kazi, kompyuta inasoma kutoka kwenye kioo ukubwa wa picha kinaouweza. Adapta isiyopitisha hilo inakubahatishia, na kioo kinakuandikia kwamba picha iko nje ya uwezo wake.

Bei? Hii nimeichukua mjini shilingi 18,000, ile nyingine 8,000. Tofauti inauma, sikatai, hasa ukinunua nyingi. Kwa kioo kimoja unachokizima kwa mkono kila jioni, chukua ya 8,000, kwa hilo sigombani na mtu. Kwa duka zima, hapana, chukua hii.

Ubavuni ina tundu dogo la kuongezea umeme wa USB. Lisikushangaze, sheria ya HDMI inailazimu kompyuta kutoa miliampea 55 tu pale. Picha ikikatikakatika, chomeka huo waya kwanza kabla hujairudisha dukani. Ila waya wenyewe hawakuuweka kwenye boksi, na kwa 18,000 walipaswa kuuweka.

Sauti haipiti kwenye VGA, spika utachomeka pembeni. Na haifanyi kazi kinyume: kama kompyuta yako ndiyo yenye VGA na kioo kina HDMI, unahitaji kifaa kingine. Mwambie muuzaji wazi, picha inatoka HDMI inaingia VGA, na aijaribu mbele yako.