Fundi wa Gerezani aliyenipikia pini za kinu

Nina mashine ya kusaga Mbagala, na pini zinazoshikilia nyundo zake za kusagia zilikuwa zinanimaliza. Ziko nne, za chuma laini, na kila baada ya miezi mitatu zinalika kama mahindi yaliyobunguliwa. Fundi wa kwanza alizipiga gesi mpaka zikawa nyekundu, akazitosa majini, akachukua elfu ishirini yangu. Kufika nyumbani napitisha tupa, inakula kama inakwangua muhogo.

Huyu wa Gerezani hakugusa moto kwanza. Aliweka pini kwenye jiwe la kunolea, akatazama cheche: ndefu, hazichanui. "Bosi, hii haina kaboni. Hata uichovye mara mia haikomai. Lazima tuilishe."

Kulisha kwenyewe ni hivi: boksi la chuma, pini ndani, zimezungukwa na mkaa uliotwangwa na kuchanganywa na magadi, yale yale ya kulainishia maharage. Kifuniko kikazibwa kwa udongo, boksi likaingia tanuri, digrii kama 900, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Kaboni inapenya ngozi ya chuma taratibu sana, kwa saa sita unapata gamba la nusu milimita na ushee. Ndipo zikatoswa zikiwa za moto kwenye maji ya chumvi. Kisha akazing'arisha na kuziweka juu ya bati la moto mpaka zikapiga rangi ya majani makavu, zisiwe za kukatika kama kioo.

Kilichonifurahisha ni kipande kidogo alichokipika pamoja nazo. Alikibana kwenye jiliwa, akakipiga nyundo mbele yangu. Pembeni kuna mviringo wa kijivu, wa chembe ndogo ndogo kama simenti, katikati chembe kubwa zinameta. Gamba gumu, moyo laini. Tupa ikateleza.

Sasa lawama. Pini moja ilitoka imepinda, maana aliitosa kwa ubavu badala ya kuisimamisha wima. Kuinyoosha akagoma, gamba lingepasuka, akapika nyingine bure, ila nilipoteza siku mbili za kusaga. Na bei, elfu sitini kwa zote nne, si ya mchezo.

Huu ni mwezi wa nane tangu nizifunge, na hazijachimbika. Ukienda, beba tupa yako, na umwambie ukiwa umemsimamia: wima, fundi, wima.