Kawoshi ya Kirumba Mwanza, siti za gari za kitambaa wanaziweza

Kama unabebaga dagaa kwenye gari toka soko la samaki la Mwaloni unajua ile harufu inavyoganda kwenye siti, sasa hawa jamaa wa hapa Kirumba wanapiga vakyumu kwanza, wanasugua na povu kidogo kwa brashi laini halafu wananyonya maji yote, hawaloweshi sponji ya ndani maana ikibaki mbichi ndo uvundo unaanza upya. Siti zikikauka kabisa wanapuliza dawa ya kinga, soda ikimwagika inakaa juu matone matone unafuta tu! Waxi wanapaka kivulini bodi ikiwa imepoa, tena kidogo sana, ukipaka juani inakaukia inaacha mabaka. Bei imechangamka na foleni ya Jumamosi inachosha, ila kazi yao naikubali mno, wakuu nendeni asubuhi.