Bayogesi haina kosa, walionijengea ndio wenye kosa

Nilidhamiria kuwapa nyota moja bila maelezo, lakini atakayesoma ana haki ya kujua sababu. Mtambo walionijengea wa bayogesi, yaani gesi ya kupikia itokanayo na samadi, ulifanya kazi vizuri kwa kitambo, kisha mwali wa jiko ukaanza kurukaruka, ukawa wa manjano, na hatimaye ukazimika sufuria ikiwa haijachemka. Niliwapigia simu mara kadhaa kabla hawajanitumia fundi.

Fundi huyo hakuinama hata mara moja kukagua bomba. Alisimama mbali, akalitazama zizi, kisha akanitamkia mbele ya wanangu: "Mama, ng'ombe wako hawashibi, ndiyo maana gesi haitoki." Nilimwonyesha geji ya kupima shinikizo la gesi, iliyo karibu na kuba (sehemu ya mtambo inayokusanya gesi), ambayo mshale wake ulikuwa juu, kwa maana kwamba gesi ilikuwapo ila haifiki jikoni, naye akacheka. Samadi naichanganya na maji kwa kiasi sawa na kuondoa majani na mchanga kwa mikono yangu mwenyewe, halafu mtu aliyekuja amechelewa ananisomea hali ya mifugo yangu!

Kumbe tatizo lilikuwa maji ndani ya bomba. Gesi hutoka kwenye kuba ikiwa na mvuke, na mvuke huo ukipoa ndani ya bomba hugeuka maji yanayotuama mahali palipobonyea. Kwa hiyo bomba hulazwa kwa mteremko na kuwekewa mtego wa maji, yaani kifaa cha kukusanya maji hayo ili yatolewe, sehemu ya chini kabisa. Bomba langu lilikuwa limelegea katikati, na mtego haukuwapo. Tulipofunga vali kuu na kulegeza kiungo, maji yalimwagika yakinuka yai viza, na jioni hiyo jiko likawaka.

Nikiri kwamba mwali huo wa bluu, usioacha masizi, unapendeza, na tope linalotoka upande wa pili wa mtambo bado lina naitrojeni yake, hivyo mboga zangu zimenawiri kuliko nilivyotarajia. Kwa hayo nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu, labda hata nne.

Kisha nikapiga simu kuomba mtego wa maji, nikajibiwa kwamba hicho ni kifaa cha ziada na hakimo katika dhamana. Kifaa cha ziada, wakati bila hicho bomba litaziba tena! Basi nyota ni moja, angalau mpaka waje kuuweka kwa gharama zao, na wamtume fundi mwingine.