Kozi ya wiki sita ya kusimamia makusanyo ya vitabu: niliyoyapata nikiwa Lushoto

Nimemaliza kozi hii ya mtandaoni mwezi uliopita, na naandika kwa ajili ya wakutubi wenzangu wanaojiuliza kama inastahili kulipiwa. Inastahili. Ila kuna sehemu moja ambayo ukiifuata kama ilivyo utamaliza rafu yako ya Kiswahili, na hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Mimi nina astashahada ya ukutubi ya Bagamoyo, na nafanya kazi katika maktaba ya jamii huku Lushoto. Tuko wafanyakazi wawili, vitabu kama elfu nne, karibu vyote vya msaada. Chuoni nilifundishwa vizuri kupanga: namba za Dewey zinazogawa vitabu kwa mada, katalogi, rejesta ya kuingizia vitabu. Kilichokuwa kinanipa shida ni kuamua kipi kiingie, kipi kitoke, na nitamjibu nini mwenyekiti wa kamati akinikuta nabeba boksi la vitabu kwenda nje.

Wiki ya tatu na ya nne ndizo zilizorudisha pesa yangu. Wanafundisha utaratibu wa CREW, yaani wa kupitia vitabu na kuamua vipi vibaki na vipi vitoke, uliotoka kwenye maktaba ya jimbo la Texas, Marekani, mwaka 1976. Kila aina ya vitabu inapewa namba mbili za ukomo: miaka tangu kitabu kichapwe, na miaka tangu kiazimwe mara ya mwisho. Halafu kuna vigezo sita. Kitabu kinatoka kama kinapotosha, kama kimechakaa, kama kuna toleo jipya lililokipita, kama hakina uzito wowote, kama watu wa hapo hawakihitaji, au kama kinapatikana kwingine bila taabu. Wenyewe wanaiita kazi hii palizi, neno ambalo huku milimani halihitaji maelezo.

Zoezi la wiki ya tatu lilikuwa kupitia rafu moja, kitabu kwa kitabu. Nikachagua 610, afya na tiba. Mchana huo huo msichana wa kidato cha tatu alikuwa mezani ananakili kwenye daftari lake kutoka kitabu cha Kiingereza kuhusu UKIMWI. Nikageuza ukurasa wa mwanzo: kimechapwa 1991, miaka mitano kabla ya tiba ya mchanganyiko wa dawa za kufubaza virusi kuanza. Alichokuwa anaandika ni kwamba mwenye ugonjwa huo hana matumaini. Akaniuliza, "Madam, kwani hii si kweli?" Nikavuta kiti, nikakaa naye. Kisha nikatazama karatasi ya tarehe iliyobandikwa nyuma ya jalada: mihuri imejaa mpaka chini. Kwa hesabu ya kuazimwa, kitabu kile kilikuwa miongoni mwa vitabu bora nilivyonavyo. Kwa kigezo cha kupotosha, hakikupaswa kulala usiku mwingine rafuni. Nilikitoa siku ile ile, nikaandika sababu kwenye rejesta kwa wino mwekundu. Bila kozi hii nisingethubutu, maana sisi tumelelewa kuamini kwamba kitabu hakitupwi.

Sasa tatizo. Kigezo cha uchakavu kimewekwa na watu ambao wakitoa nakala iliyochanika wanaagiza mpya wiki hiyo hiyo. Rafu yangu ya 896.392, fasihi ya Kiswahili, ndiyo iliyochakaa kuliko zote. Majalada yamelegea, migongo imevunjika, kurasa za mwisho hazipo, na unyevu wa huku umezitia ukungu pembeni. Imechakaa kwa sababu inasomwa. Masanduku ya msaada yanatujia yamejaa Kiingereza. Riwaya ya Kiswahili ikitoka hapa, pengo lake linabaki. Upande wa pili nina ensaiklopidia za miaka ya themanini zinazong'aa kama zimetoka kiwandani jana. Mtu akitumia kigezo hicho kwa macho tu, ataacha zile za kung'aa na kutoa zile zinazopendwa.

Nilimwandikia mwalimu haya yote. Alijibu baada ya siku mbili, kwa heshima, akakubali kwamba mfano wao unategemea kuwa na bajeti. Akanishauri niongeze safu yangu mwenyewe kwenye jedwali: "kinatengenezeka?" Ushauri mzuri, lakini ulipaswa kuwa ndani ya somo, si kwenye barua ya mtu mmoja. Nimeshatenga vitabu 31, na jioni tunavishona na kuvipaka gundi, mimi na mwenzangu.

Takwimu nazo zilinisumbua. Mifano yao yote inatoka kwenye programu za kompyuta za maktaba kama Koha, unabonyeza na ripoti inakuja. Sisi tuna daftari. Tena watoto wetu wengi hawaazimi, wanasoma hapa hapa, kwa hiyo karatasi ya tarehe inabaki nyeupe hata kama kitabu kinafunguliwa kila siku. Hapo kozi ilinisaidia: walisema waambie wasomaji wasirudishe vitabu rafuni, waviache mezani, uvihesabu jioni kabla ya kuvipanga. Wiki mbili za kuhesabu zilinionyesha kwamba vinavyosomwa mezani ni vingi mno kuliko vinavyoazimwa. Atlasi yenye nchi ya Zaire haikuguswa hata mara moja.

Wiki ya tano, bajeti na ununuzi, niliipitia haraka. Ya sita ni vitabu vya kielektroniki na mikataba yake. Kwa maktaba yenye kompyuta moja haina mengi.

Mambo ya kujiandaa nayo: kipindi cha moja kwa moja kinaanza saa nne usiku kwa saa zetu, na video ni nzito. Usiku wa pili umeme ulikatika, nikamalizia kwenye simu na bando likaisha kabla ya maswali. Kuna maandishi ya kila somo. Pakua hayo kwanza, ni mepesi. Malipo ni kwa kadi tu. Cheti kinakuja kwa barua pepe ukimaliza kazi zote sita.

Kazi ya wiki ya pili ilikuwa kuandika sera ya maktaba, ikiwemo tunapokea msaada gani. Yangu ina ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na kamati imeisaini. Inasema tunaomba orodha kabla ya sanduku, na kwamba Kiswahili kinatangulia. Wiki iliyopita mfadhili mmoja aliyezoea kutuma bila kuuliza ametuma orodha. Nimeweka alama kwenye vitabu kumi na nne, na chini nimeandika majina ya riwaya tano tunazozihitaji.