Paris na Disneyland pamoja na watoto: ni malazi yapi ya kulipia?

Wazazi wengi wanaopanga kuwapeleka watoto Paris na Disneyland huanza kwa kuulizia bei ya tiketi za bustani zake mbili za michezo, ilhali kinachoamua kama safari itakuwa ya raha au ya kuchoshana ni mahali mtakapolala. Bustani zile hazimo mjini Paris. Ziko Marne-la-Vallée, takriban kilomita 32 mashariki ya mji, na ndiko zilikokuwa tangu ya kwanza ilipofunguliwa mwaka 1992. Mtoto wa miaka minne hulala mchana, na fataki hurushwa usiku bustani inapokaribia kufungwa. Kwa hiyo nimeyapanga malazi haya kwa kuangalia kwanza dakika zilizopo kati ya lango na kitanda, kisha ndipo bei.

Nafasi ya kwanza naipa Val d'Europe, mtaa ulio kituo kimoja kabla ya mwisho wa reli ya RER A, treni inayounganisha Paris na viunga vyake. Kutoka hapo treni hufika kituo cha mwisho, Marne-la-Vallée–Chessy, kwa dakika chache tu, na ukitoka stesheni lango la bustani liko mbele yako. Kuna hoteli zenye vyumba vya jiko dogo, na duka kubwa la Auchan liko ndani ya jengo la maduka la mtaa huo, hivyo mama anaweza kuwapikia wanawe uji asubuhi na wali jioni. Chakula cha ndani ya bustani ni ghali, na familia ya watu watano inayokula humo mara mbili kwa siku itaona fedha zikiyeyuka.

Hata hivyo, kabla ya kulipa, pima umbali mwenyewe. Katika safari yetu ya kwanza tulikodi nyumba ambayo tangazo lake lilisema iko dakika kumi kutoka bustanini, kumbe ni dakika kumi kwa gari. Usiku ule basi la mwisho lilikuwa limeshaondoka; mume wangu alimbeba kitinda mimba begani, mikono ya mtoto ikining'inia kwa usingizi, nami nikasukuma kigari kitupu kando ya barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu. Tangu siku hiyo silipi chochote kabla ya kuifuata njia kwenye ramani, kwa miguu, kutoka mlango wa hoteli hadi mlango wa stesheni.

Nafasi ya pili ni kulala Paris, lakini karibu na vituo vya RER A kama Gare de Lyon, Nation au Vincennes. Hili linawafaa wenye watoto wa miaka saba na kuendelea, wanaotaka siku tatu za mji na moja ya bustani. Kutoka Châtelet–Les Halles hadi mwisho wa reli ni kama dakika 40, na tangu Januari 2025, nauli moja ya treni inatumika kwa mkoa wote wa Paris isipokuwa viwanja vya ndege. Ilianza kwa euro 2.50, na watoto wa chini ya miaka minne hawalipi. Soma ubao kabla ya kupanda, kwa sababu baada ya Vincennes reli hugawanyika na treni nyingine huelekea Boissy-Saint-Léger. Mjini kwenyewe, jumba la makumbusho la Louvre haliwatozi kiingilio walio chini ya miaka 18, ila hufungwa kila Jumanne.

Hoteli za Disney zenyewe nimeziweka ya tatu, ingawa mawakala wengi huzitaja mwanzo. Faida yake ni ya kweli: wageni wake huingia bustanini mapema kabla ya umati, wakati foleni bado ni fupi, na kwa usiku mmoja au miwili na watoto wadogo sana ningezifikiria. Lakini bei yake ni ya juu, na vyumba vingi huchukua watu wanne tu, jambo linaloilazimu familia kubwa kulipia cha pili. Davy Crockett Ranch, ambayo ni mojawapo ya malazi hayo ya Disney, usiichukue kama huna gari.

Ya mwisho ni ziara ya siku moja kwa basi la watalii kutoka Paris. Unalipa zaidi ya nauli ya treni, na saa ya kurudi si yako.

Kuhusu tiketi, bei hutegemea tarehe, na mtoto wa chini ya miaka mitatu huingia bure. Pima vimo vya watoto nyumbani kabla hamjaondoka, kwa sababu michezo ya kupanda ina kimo cha chini: Big Thunder Mountain inataka mita 1.02, Space Mountain 1.20, na Indiana Jones 1.40. Mwenye watoto wasiofikia mita 1.02 anunue tiketi ya bustani ya kwanza pekee, asilipie ile ya pili iliyofunguliwa mwaka 2002. Kama mmoja tu kati ya watoto hajafikia kimo, mwambieni mhudumu mlangoni, nanyi wazazi mtapokezana kupanda bila kupanga foleni upya.

Kwa wanaotoka Afrika Mashariki, viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya hapo hawalipi. Maombi hutaka uthibitisho wa malazi, basi chukua chumba kinachoweza kufutwa bila kupoteza fedha, na tiketi za bustani uzinunue viza ikishatoka. Mkishuka uwanja wa Charles de Gaulle asubuhi baada ya usiku wa ndege, msiingie Paris: pandeni treni ya kasi ya TGV uwanjani hapo hapo, ambayo hufika Chessy kwa kama dakika kumi, muwalaze watoto, na bustani iwe ya kesho yake.